Siku Moja Tchegera na Sake: Watoto Wetu na Ziwa Lao

Mtoto wa Goma ukimwuliza Ziwa Kivu ni la nini, atakujibu kwa bidoni. Ni la kuchota maji. Akijitahidi sana ataongeza kufua nguo na sambaza. Sisi walimu tumelisikia jibu hilo miaka na miaka, na hatuwezi kumlaumu mtoto. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa mjini kwetu imezibwa na kuta za parsele na hoteli, na palipobaki wazi ni Kituku na vijia vichache vya kuteremkia na bidoni mgongoni. Mtoto anakua karibu kabisa na maji, lakini hajawahi kukaa tu akayatazama bila kazi ya kufanya.

Kwa hiyo chama chetu kilipokaa mwezi wa tano kupanga likizo, tuliomba jambo moja: kabla watoto hawajatawanyika kwa wajomba na bibi, tuwapeleke ziwani siku moja, na mama zao wawe pamoja nao. Tulitaka waone ukingo uliohifadhiwa ulivyo, kisha waone mji unaoishi pembeni yake. Tukachagua kisiwa cha Tchegera, ambacho ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, halafu Sake, kilometa kama 25 magharibi ya Goma. Jumamosi tarehe 6 Julai 2019, siku chache baada ya bulteni kutolewa, tukaondoka: wamama 14, watoto 19, na mwalimu mwenzetu wa sayansi, mwanamume pekee katika msafara, ambaye wamama hawakumwacha apumzike kwa maswali.

Tuseme wazi kwamba safari hii nusura isifanyike. Baba watatu walikataa kabisa watoto wao wapande boti, na sababu yao kila mtu anaijua. Tarehe 15 Aprili 2019 boti iliyotoka Goma ilizama upande wa Kalehe, na watu zaidi ya mia moja hawakuonekana tena. Rais alifika mwenyewe, akaagiza kwamba abiria wa ziwa hili wavae vizibao vya kuelea, zile tunazoziita jile. Agizo ni zuri. Lakini wamama wanaofanya biashara ya Minova na Idjwi wanajua kwamba jile ikiwa imefungwa kwenye rundo chini ya magunia ya mihogo haimsaidii mtu.

Kwa hiyo tulianza na jile kabla ya kuzungumza bei ya boti. Tuliuliza: ziko ngapi, ziko wapi, na za watoto ziko? Mwenye boti wa kwanza alisema za watoto hazihitajiki, mtoto atavaa ya mkubwa. Hapo tukamwaga. Jile ya mkubwa ikivalishwa mtoto wa miaka saba, maji yanaisukuma juu na mtoto anateremka chini kupitia ndani yake kama mkono unavyotoka kwenye shati. Jile ya mtoto inabana kifuani, na iliyo nzuri ina mkanda unaopita katikati ya miguu. Njia ya kujaribu ni rahisi: mvalishe, funga kila mkanda, kisha shika jile mabegani uivute juu. Ikifika masikioni mwake, hiyo si yake. Mwenye boti wa pili alikuwa na za watoto 19, ndiyo maana watoto walikuwa 19. Baba wawili kati ya wale watatu walikuja wenyewe asubuhi kuvuta mikanda, wakaridhika. Wa tatu hakuridhika, na tulimheshimu.

Tulinawa mikono kwa maji ya klori na kupimwa joto, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu Ebola ilipoanza upande wa Beni mwaka 2018, tukapanda.

Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa kimya. Tulipishana na wavuvi wa sambaza waliokuwa wanarudi, mitumbwi yao mitatu-mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu inayosimama mbele na nyuma kama pembe, taa zimezimwa, wanaimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Watoto wengi waliokula sambaza tangu kuota meno walikuwa hawajawahi kuona inavyovuliwa. Mwalimu wa sayansi akawaambia kitu ambacho hata baadhi ya wamama hawakukijua: sambaza si mwenyeji wa Kivu. Ni samaki wa Tanganyika, aliletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ziwa letu lilikuwa na samaki wachache mno. Mama mmoja anayeuza sambaza Kituku kwa muda mrefu alishangaa, kisha akacheka: “Kumbe na yeye ni mhamiaji kama mimi!”

Tchegera kwa mbali haionekani kuwa kitu. Ukifika karibu unaona kwamba kisiwa chote ni ukingo wa mdomo wa volkano ya zamani. Upande mmoja umebomoka, maji yakaingia, na iliyobaki ina umbo la mwezi mchanga. Boti linaingia ndani ya lile duara, na humo maji ni tulivu hata kama nje kuna mawimbi. Mchanga ni mweusi. Juu kuna nyasi na miti, na ukipanda mgongoni mwa kisiwa siku isiyo na mawingu unaona volkano kwa pamoja: Nyiragongo na moshi wake, Nyamulagira iliyolala chini yake, Mikeno na ncha yake, Karisimbi mbali zaidi. Tulibahatika, mawingu yalifunguka kama nusu saa. Tuliwaambia watoto wakae chini wachore walichokiona. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno kwa dakika kumi. Wamama nao walichora, wengine kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi.

Ndege walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia. Yule mdiria mwenye madoa meusi na meupe anasimama hewani akipiga mabawa, kisha anajitupa majini kichwa kwanza. Watoto walihesabu mara ngapi anapata samaki na mara ngapi anatoka mtupu. Alitoka mtupu mara nyingi zaidi, na hilo liliwafurahisha sana wale ambao bulteni zao hazikuwa nzuri. Mnandi weusi walikuwa wanakausha mabawa juu ya mawe. Mamba na kiboko hawako Kivu, tukawahakikishia, maana kuna mtoto aliyekuwa anatazama maji kwa jicho la woga tangu tuondoke.

Mlinzi wa hifadhi aliyetupokea aliongea nasi chini ya mti. Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika nzima, na tangu 1979 iko katika orodha ya urithi wa dunia. Ina kilometa za mraba zaidi ya 7,000, kutoka hapa ziwani hadi barafu za Ruwenzori. Alitueleza pia kwamba ilifungwa kwa wageni kuanzia Mei 2018, baada ya mlinzi wa kike kuuawa na wageni kutekwa, ikafunguliwa tena Februari 2019. Walinzi zaidi ya 170 walikuwa wameuawa tangu vita vianze katika nchi yetu. Rumangabo kulikuwa na chumba cha ushonaji ambapo wajane wao walikuwa wanafanya kazi. Wamama walinyamaza. Kisha mmoja, ambaye mumewe alikuwa askari, akauliza wajane hao wanalipwaje na watoto wao wanasoma wapi, na mazungumzo yakawa marefu.

Kutoka hapo tukaingia kwenye makala, na hapo ndipo siku ilipochemka. Mlinzi alisema jambo tunalolijua sote: sehemu kubwa ya makala tunayopikia Goma inatoka katika miti ya hifadhi. Mama mmoja hakumwacha amalize. “Baba, mimi nina watoto sita. Gesi sina, umeme unakuja usiku wa manane ukija. Hiyo miti unataka niiache, maharagwe nitayapikia nini?” Wengine wakapiga makofi. Mlinzi hakukasirika. Alisema hata mke wake anapikia makala.

Hatukubaliani na wale wanaokuja na mabango ya kumwambia mama asinunue makala, halafu wanapanda gari kurudi hotelini. Gunia la makala linapita kwenye vizuizi vingi na mikono mingi yenye faida kubwa kabla ya kumfikia mama anayenunua kwa kikopo. Lakini hatuwezi pia kujifanya hatuoni. Yapo mambo ambayo yako mkononi mwetu. Jiko bora la udongo linapunguza makala yanayoungua, na wanachama wetu watano wanaotumia wanasema kikopo kilichokuwa cha siku moja sasa kinaingia siku ya pili. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yanaiva haraka zaidi. Kuna wakulima wa Masisi na Rutshuru waliopanda miti ya makala kwenye mashamba yao kupitia mradi wa EcoMakala, na makala hayo si ya kuiba. Huko Rutshuru, mtambo wa umeme wa maji wa Matebe ulizinduliwa mwaka 2015. Yule mama wa watoto sita alisema atayaamini mambo ya umeme siku taa yake itakapowaka kwa wiki nzima. Tuliliandika kama alivyolisema.

Tulipokuwa tunakula viazi tulivyokuja navyo, mtoto wa darasa la sita aliuliza kama ni kweli kwamba Ziwa Kivu litalipuka siku moja. Swali hili watoto wanabeba kimya kimya, afadhali lijibiwe. Kweli chini ya ziwa letu, ambalo kina chake kinakaribia mita 480, kumeyeyuka gesi nyingi sana: kaboni dioksaidi kilometa za ujazo kama 300, na methani kama 60. Mwalimu alichukua chupa ya Fanta isiyofunguliwa. Gesi imo, alisema, lakini huioni, kwa sababu imefinywa. Ziwa linaifinya gesi yake kwa uzito wa maji ya juu. Huko Kamerun, ziwa dogo la Nyos lilitoa gesi yake kwa ghafla Agosti 1986 na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Ndiyo maana wanasayansi wanalipima la kwetu, na ndiyo maana Rwanda wameanza kuvuta methani huko Kibuye kutengeneza umeme. Mtoto akauliza: “Basi usiku nilale?” Mwalimu akasema lala, volkano ilipotapika mwaka 2002 lava iliingia ziwani mbele ya macho ya mama zenu, na ziwa halikulipuka.

Alasiri boti likatupeleka magharibi, kuelekea Kabuno. Ghuba hiyo ni kama chumba cha pembeni cha ziwa: mlangoni pake kina ni kama mita kumi tu, kwa hiyo maji yake hayachanganyiki sana na ya nje. Upande wa kulia ukingo ni lava nyeusi. Kati ya mwaka 1938 na 1940 Nyamulagira ilitiririka hadi huku ikaingia majini. Miti imeshaota juu yake. Bibi mmoja katika msafara wetu, mzaliwa wa Sake, alisema mama yake aliuona moto huo akiwa msichana.

Sake ni mji ambao wengi wetu tunaupita bila kushuka. Kwa wamama wenye umri wetu una kumbukumbu nyingine: Januari 17, 2002, Goma ilipoungua, nusu ya mji ilikimbilia Gisenyi na wengine wakaja huku kwa miguu, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Mama wawili kati yetu walilala siku nne kwenye veranda ya watu wasiowajua, karibu na soko. Tulipofika walitafuta nyumba ile. Mwenye nyumba amefariki, lakini binti yake alikuwepo, na hatutaeleza yote yaliyosemwa hapo kwa sababu hayakuwa yetu. Watoto walisimama pembeni wakitazama mama zao wakilia na kucheka na mtu ambaye hawajawahi kusikia jina lake.

Soko lenyewe linatosha kuwa somo la jiografia. Chukudu zinateremka kutoka milima ya Masisi zimejaa viazi, kabichi na karoti, kijana amepiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukiwa breki. Jibini za Masisi zimepangwa kama mawe ya kusagia. Maziwa yanauzwa kwenye madumu ya njano. Tuliwapa watoto kazi ya kuuliza bei tano za vitu ambavyo vinauzwa pia kwenye soko letu la Virunga, kisha watafute tofauti na sababu yake. Binti mmoja alirudi na jibu ambalo halimo kwenye kitabu cha darasa la tano: “Hapa kabichi ni rahisi kwa sababu haijalipa vizuizi bado.”

Tulirudi kwa barabara, na tulipofika Mugunga tulisimamisha gari kwa makusudi. Hapa ndipo mahali ambapo tungependa kila mama asome polepole.

Mazuku ni neno letu, la Kiswahili cha huku, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia kama tulivyowapa. Bibi zetu walisema ni upepo mbaya. Ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano, haitoki ziwani kama wengi wanavyodhani. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji yanavyojaa kwenye sahani. Iko Bulengo, Mugunga, pembeni ya Ziwa la Kijani, na hata ndani ya maeneo ya watu kule Himbi na Keshero. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Mugunga, iliua baadhi yao. Jua na upepo wa mchana huipunguza. Usiku, alfajiri na jioni isiyo na upepo hujaa tena.

Sasa angalia urefu. Mazuku mara nyingi inafika magotini au kiunoni mwa mtu mzima. Mama anapita salama, anahisi labda joto kidogo au kizunguzungu. Mbuzi anakufa, mbwa anakufa. Na mtoto uliyemlaza kwenye kitenge bondeni ili ulime vizuri, yuko ndani yake kabisa. Tuliposema hivyo wamama waliinamisha vichwa, kwa sababu nani kati yetu hajamlaza mtoto chini kivulini pembeni ya shamba?

Tulisimama juu, barabarani, na kuwaonyesha watoto bonde dogo kwa mbali. Nyasi katikati zimekauka wakati pembeni ni kijani. Mlinzi wa mtaa alisema wadudu na ndege waliokufa hupatikana humo asubuhi. Hivyo ndivyo vya kutazama. Mtoto mmoja aliomba tushuke kuona Ziwa la Kijani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, upepo umetulia, tukakataa. Walinung'unika hadi nyumbani.

Jambo gumu zaidi kuwafundisha ni hili: ukimwona mwenzako ameanguka bondeni, usiingie kumfuata. Anayeinama kumnyanyua anaanguka juu yake. Piga kelele, ita wakubwa, tupa kamba, mvute kutoka juu. Tulilirudia mara tatu, kisha tukawafanya waigize: mmoja ameanguka, wengine wanaita. Mvulana mmoja alisema hawezi kumwacha mdogo wake. Dada yake mkubwa akamjibu: “Humwachi. Unaita kwa nguvu kuliko unavyolia.” Hatukuwa na maneno bora kuliko hayo, tukafunga somo.

Kundi la pili lilipangwa kuondoka Jumamosi tarehe 27 Julai 2019. Nafasi za watoto zilikuwa 19 tena, kwa sababu ndizo jile ndogo zilizokuwepo. Kila mama aliombwa aje na chakula chake na cha watoto wake, kofia, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na daftari moja la kuchorea. Waliotaka waliombwa waandikishe majina kwa mweka hazina wa kundi lao kabla ya Ijumaa ya tarehe 19. Mwenye mtoto wa chini ya miaka saba aliombwa amlete kwanza Jumatano kwenye mkutano, tumvalishe jile na kuvuta mikanda.